Shangazi, maktaba ya kijiji niikabidhi shule au niendelee kubanana ghalani?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala kijiji, sema tu niko wilaya ya Nachingwea mkoani Lindi, mana kijiji chenyewe ni kidogo na hili jambo kila mtu analijua kwa upande wake. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, tunalima korosho, ufuta na mbaazi kama watu wengi wa huku.

Mwaka 2017 nilianzisha maktaba hapa kijijini. Dada yangu alikuwa anafundisha Dar, akanitumia maboksi ya vitabu kwa basi, nikaenda kuomba sehemu kwa mwenyekiti wa wakati ule wa AMCOS, yani chama chetu cha ushirika wa wakulima, akanipa chumba cha pembeni cha ghala, kilikuwa kimejaa magunia mabovu na popo, tukasafisha na kina mama wenzangu, mume wangu akatengeneza shelfu kwa mbao za mwembe na kufuli akanunua yeye kwa hela yake. Hakuna aliyeandika kitu, ilikuwa ni neno tu, chukua mama utumie.

Sasa hivi tuna vitabu kama mia sita. Jioni wanakuja watoto wa la tatu mpaka la saba wakishatoka kuchota maji, mchana kuna wazee wanasoma magazeti hata yakiwa ya mwezi uliopita, wakulima wanakuja kuangalia vipeperushi vya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele vya ugonjwa wa ubwiri unga na namna ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wapo na mabinti wawili walioacha shule kwa sababu ya mimba, hawa wanakuja saa nne asubuhi watu wakiwa shamba, mtoto mgongoni, wanasoma. Na kuna bibi mmoja hajui kusoma kabisa lakini anakuja na mjukuu wake amsomee, kesho yake ukienda bombani unamkuta anawasimulia wenzake hadithi nzima na nyimbo kaongeza za kwake.

Sasa Shangazi mambo yamenijia yote kwa pamoja. Zamani ghala lilikuwa na kazi wakati wa korosho tu, siku hizi ufuta na mbaazi navyo vinapita stakabadhi ghalani, yani vinakusanywa ghalani kwanza ndo viuzwe mnadani, kwahiyo ghala halipumziki, na viongozi wapya wa AMCOS wameniambia kabla ufuta haujaanza kuingia niwe nimetoka. Hawajanitukana, wameniambia vizuri tu, ila wamesema chumba ni mali ya wanachama na hawaoni karatasi yoyote inayosema nimepewa.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliposikia akanifuata nyumbani. Anasema ana chumba chenye nondo madirishani, nimpe vitabu vyote vikae shuleni, hata afisa elimu kata atafurahi. Mimi moyo unakataa. Hiyo shule iliwahi kuletewa vitabu vizuri vya hadithi vikakaa ndani ya boksi ofisini mpaka mchwa wakavipitia, watoto hawajawahi kuvigusa, waliambiwa wataviharibu. Na wale mabinti wangu wa saa nne nani atawaruhusu kupita getini na watoto mgongoni, na yule bibi je?

Lakini pia siwezi kusema huku kwangu ni salama. Mwezi uliopita nilikuwa gulioni nikanunua karanga, kufungua naona karatasi ina muhuri wetu wa maktaba. Nililia pale pale. Tokea siku hiyo nimesimamisha kuazimisha, kitabu kinasomwa ndani ya chumba tu, na watoto wamepungua sana. Kuna memba mmoja wa kamati anasema tuweke shilingi 200 kila anayeazima ndo watu watakuwa na uchungu na kitabu.

Binti anayenisaidia alimaliza form four na anajitolea tu, sina cha kumlipa, naona kabisa ataondoka. Na nyumbani mume wangu amechoka. Ananiambia umefungulia watu wote mlango kasoro shamba lako, mwaka huu palizi yote kafanya na watoto. Juzi kasema kama mwalimu anavitaka mpe, pumzika. Hakusema kwa ukali na hapo ndo pameniuma zaidi.

Nikikabidhi naona nimewatupa watu, nikikataa naona ntakosa chumba, nyumba na vitabu vyenyewe. Nisaidie mawazo Shangazi, usiku silali.

Mama wa Maktaba, Nachingwea

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nikuambie kabla ya yote kwamba huyo bibi wa bombani amenifanya nikae kimya kidogo, mana mtu asiyejua kusoma akiwa msomaji wako mzuri ujue hapo pana kitu cha kweli kinaendelea.

Nikikusikia vizuri unaona una njia mbili tu, vyote viende shule au vyote vibaki kwako, na umebanwa na muda wa ufuta. Ila ndani ya hiyo barua mimi naona maswali kama manne yamefungwa kitita kimoja, chumba ni swali moja, usalama wa vitabu ni lingine, nani anaibeba hii maktaba ni lingine na nyumba yako ni lingine kabisa. Ukiyajibu yote kwa jibu moja la "nikabidhi au nisikabidhi" utajikuta umetatua moja na kuharibu matatu. Tuyafungue taratibu.

Nianze na karanga mana naona hapo ndo penye kidonda. Umeona karatasi yenye muhuri wenu ukafunga kuazimisha kote. Nakuuliza, umewahi kukaa na daftari la kuazima ukahesabu ni vitabu vingapi kweli havijarudi tokea 2017? Sio kwa hisia, kwa kuhesabu. Inawezekana ni vingi, na inawezekana ulichokiona gulioni ni kitabu kimoja tu. Na huyo aliyefungia karanga, unajua kitabu kilimfikiaje? Mara nyingi inakuwa hivi, mtoto kaazima, usiku mvua imenyesha paa likavuja, kitabu kikaloa, mtoto akaogopa kukirudisha akakificha, miezi ikapita mama yake akakikuta kimeshaharibika akaona ni karatasi kama karatasi nyingine. Hapo hakuna aliyekudharau wala kuidharau maktaba. Kuna mtoto aliyeogopa. Ukiongeza faini au ukali anayeogopa ataficha zaidi, na wengine hawatachukua kabisa.

Maktaba nyingine zinatangaza wiki moja ya kurudisha bila swali, kitabu kiwe kimechanika kimeloa au kimekaa miaka mitatu, lete tu, hakuna kesi. Wengine kila kitabu kinatoka ndani ya mfuko wa nailoni mgumu, hata wa mbolea ulioshonwa upya, na mzazi anakuja kuweka sahihi au dole gumba siku ya kwanza ili na yeye ajue kuna kitu kimeingia nyumbani kwake. Na vile vitabu ulivyo na nakala moja tu unaweza kuviacha visomwe ndani, vyenye nakala nyingi vitembee. Hivyo unaweza kulegeza kidogo kidogo bila kufungua mlango wote kwa siku moja.

Ile shilingi 200 nielewe vizuri, siipingi kwa sababu ya pesa. Wanaoweza kutoa ndio haohao ambao wangerudisha kitabu hata bila hela, na yule mtoto ambaye nyumbani hiyo 200 ni chumvi na kiberiti ndiye hatakuja tena, halafu hatakuambia kwanini hakuja. Kama kijiji kinataka kuchangia kuna namna ya kutoa kwa hiari baada ya malipo ya korosho, mtu akishapokea hela yake mkononi. Ila kukata kwenye malipo ya mnada mimi ningekuomba uogope sana, wewe ni wa huko unajua wakulima wanavyoumia na makato, usikubali maktaba iwe kato jingine.

Sasa mwalimu mkuu. Naelewa kabisa kwanini moyo unakataa, vitabu vya hadithi kuliwa na mchwa ndani ya boksi ni kitu cha kusikitisha. Lakini jaribu kusimama upande wake kidogo. Kila mali inayoingia shuleni anaisainia yeye, na kikipotea kitu akija mkaguzi anaulizwa yeye. Kwahiyo kwake kitabu kilichochakaa kwa kusomwa ni hasara, kilicho kizima ndani ya boksi ni usalama wake. Inawezekana hana roho mbaya, ila kazi yake imemfundisha kufunga. Ukiliona hivyo swali la kumuuliza linabadilika, badala ya kumuuliza unavitaka vitabu vyangu vya nini, unamuuliza mwalimu, ikitokea kimechanika tutafanyaje ili isiwe kesi yako?

Inawezekana pia kisiende chote. Unaweza kumpa sehemu, kwa mfano vile vya madarasa ya chini, kwa muhula mmoja, kwa makubaliano ya maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji: vitabu vinabaki mali ya kijiji, chumba kinafunguliwa siku fulani, likizo pia kinafunguliwa, funguo ziko mbili. Uzuri wake utaona mwenyewe anavyoshika neno kabla hujatoa kila kitu. Hatari yake ni kwamba walimu wakuu huhamishwa, huyu anaweza kuwa mwema na ajaye asijue chochote kuhusu mlichokubaliana, ndo maana nasema iandikwe na nakala ikae ofisi ya kijiji. Hatari nyingine umeitaja mwenyewe, wale mabinti. Tokea Novemba 2021 serikali imewaruhusu waliokatisha masomo kwa mimba kurudi shule, kwahiyo kisheria geti halijafungwa tena kwao, ila macho ya watu getini ni kitu kingine na wewe unawajua kuliko mimi. Hivi umewauliza wenyewe wanapaonaje? Umeniandikia kwa niaba yao, na kwa niaba ya bibi, ila sijaona palipoandikwa walisema nini. Inawezekana mmoja wao ana hamu ya kurudi darasani na anasubiri mtu amuulize tu.

Kuhusu chumba kuna kitu naona kimekupita. Viongozi wa AMCOS wamekuambia ni mali ya wanachama, na wamesema kweli. Sasa wanachama ni kina nani? Mnalima korosho, ufuta na mbaazi na mnauza kupitia chama, kwahiyo kama mumeo ni mwanachama ana sauti kwenye mkutano mkuu, na pengine wewe mwenyewe pia, na wazee wa magazeti na wakulima wa vipeperushi vya ubwiri unga nao wamo. Ushirika una misingi saba, wa tano ni elimu na taarifa kwa wanachama na wa saba ni kujali jamii, na viongozi wa ushirika huwa wanaijua hata kama haijatajwa siku nyingi. Mkulima kujifunza kupuliza salfa kwa wakati inaongeza korosho za daraja la kwanza kwenye ghala hilohilo, na hiyo ni hoja ambayo mwenyekiti anaweza kuielewa bila wewe kulia mbele yake. Sikuahidi watakubali. Nafasi ya magunia nayo ni riziki ya watu, ufuta ukikaa nje ukaloa ni hasara ya kijiji kizima. Inawezekana watasema kaa mpaka msimu fulani, au watatoa kona badala ya chumba, au watasema hapana.

Wakisema hapana bado kuna serikali ya kijiji. Unaweza kuomba hoja iingie kwenye halmashauri ya kijiji halafu mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa kusema. Huko unaweza kupata chumba ofisi ya kijiji au jengo lililoachwa, na hata usipopata chumba utapata muhtasari. Mwanangu kilichokufikisha hapa ni neno la mdomo la kiongozi aliyeondoka, safari hii karatasi iwepo. Hatari ya njia hii ni kwamba maktaba ikishakuwa ya kijiji siasa nayo inaweza kuingia, kuna mtu atataka ndugu yake awe msimamizi, kuna mwingine atakumbuka maktaba wakati wa kampeni tu, na hutakuwa na kauli ya mwisho kama sasa. Uko tayari kwa hilo? Jiulize kwa utulivu, mana hakuna ubaya ukijibu bado.

Naomba nikusimulie kidogo. Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa kwa vikundi kusikiliza redio na kitabu mkononi, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Miaka hiyo vijiji vingi vilikuwa na maktaba ndogo ili waliojifunza wasisahau. Yetu ilikuwa kabati moja. Uchumi ulipobana miaka ya themanini vitabu vipya vikaacha kuja, aliyekuwa anatunza alikuwa anajitolea kama binti yako huyo, akaolewa mbali akaondoka, na ufunguo tukawa hatujui uko kwa nani. Mama alikuwa ananiambia vitabu havikuibiwa wala havikuchanwa, vilibaki salama ndani ya kabati mpaka vikaoza.

Kwahiyo nakuuliza, leo ukiugua wiki tatu, nani ana ufunguo? Kama jibu ni hakuna, basi hata ukipata chumba kizuri cha tofali na bati jipya bado maktaba imesimama juu ya mgongo wako peke yako, na mumeo nadhani ndicho anachokiona. Wale kina mama mliosafisha popo nao mwanzoni, wako wapi sasa? Wawili tu wakishika siku moja moja unapata pumzi.

Binti yako mimi nisingemhesabu kama amepotea. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi, yani kazi ya kutunza maktaba, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kina ngazi ya astashahada, na uzoefu alioupata kwenu ni kitu cha kuandika kwenye maombi. Sijui matokeo yake ya form four yakoje, ila kumuuliza anataka nini maishani kunaweza kuwa ndo malipo pekee unayoweza kumpa kwa sasa. Na Bodi hiyohiyo huwa inatoa ushauri kwa wanaoanzisha maktaba, unaweza kuanzia maktaba ya mkoa, nenda na orodha ya vitabu vyako mkononi.

Ukiwa unaandika hiyo orodha angalia kipi kinasomwa kweli. Maktaba za vijijini nyingi zina maboksi ya Kiingereza cha msaada ambayo hayaguswi huku vya Kiswahili vimeisha majalada. Kama na kwako iko hivyo vile vya Kiingereza vinavyofaa wapelekee sekondari ya kata, wao kuanzia form one wanasoma kwa Kiingereza, na hapo tayari umepata nafasi ya shelfu na rafiki mpya. Vya Kiswahili vya watoto Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuvichapisha tokea 1991, na kwenye intaneti African Storybook wana hadithi za bure za Kiswahili unazoruhusiwa kuprinti. Halafu yule bibi! Zile hadithi anazoongeza nyimbo, mjukuu akiziandika kwenye kauntabuku mnakuwa na kitabu ambacho hakuna maktaba nyingine inacho.

Nimekiacha cha nyumbani mwisho, sio kwa sababu ni kidogo. Aliyenunua kufuli na kukata mbao za mwembe hajawa adui wa maktaba, amechoka palizi. Alivyosema "mpe, pumzika" wewe umesikia acha ndoto yako, lakini inawezekana alikuwa anasema nimekukosa nyumbani. Utajua ukimuuliza, mimi siwezi kujua kutoka huku. Kuna kitu kimoja umekichukulia kama sheria, kwamba maktaba lazima iwe wazi kila siku. Nani alisema? Wakati wa salfa na wa kuokota korosho hata wasomaji wako wako shamba. Jioni tatu kwa wiki na asubuhi moja ya mabinti inaweza kutosha msimu huo, notisi ikabandikwa mlangoni watu wakajua. Hatari ni watu kusema umelegea, na kuna watakaosema. Lakini ukiendelea hivi mpaka nyumba itingishike, maktaba itafungwa siku saba kwa wiki.

Kwa muda huu mfupi kabla ya ufuta, ningekuwa wewe ningelala na daftari la kuazima usiku mmoja nijue hesabu ya kweli, halafu ningekaa na mume kabla sijakaa na mwalimu wala AMCOS, mana kama ni mwanachama nitamhitaji asimame mkutanoni, na hawezi kusimama kutetea kitu kinachomnyima mke. Ukishasikia alichosema utaona mwenyewe ni mlango upi ubishe kwanza, na inawezekana ukaniandikia kwamba umeamua kukabidhi vyote na unalala vizuri, nami nitakuamini.

Kama mwalimu atakubali kuandikishana, kabla hujasaini nitumie picha ya hiyo karatasi niisome, hasa pale panapohusu likizo na funguo. Msalimie baba watoto, na mwambie shelfu zake bado zimesimama.

Shangazi